Kucha za Mkono wa Kulia

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Nimeona nianze kuandika, maana mtu kama mie nikifa kesho, muziki wa nchi hii utabaki na shimo. Watu wataulizana nani alileta gitaa Bunju, hakuna atakayejibu. Ni mie. Kabla yangu hapa palikuwa na mikorosho na nyani, na nyani wenyewe hawakuwa na sikio.

Nina mambo mawili mbele yangu, yote makubwa, na yote yanataka mkono wangu wa kulia.

La kwanza. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 16, namwozesha Somoe, binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake hayupo, kwa hiyo walii wa kumwozesha ni mie baba yake mdogo. Siku hizi wengi wanampa sheikh uwakala, aozeshe kwa niaba yao, wenyewe wanakaa pembeni wanatafuna haluwa. Mie nimekataa. Nimetangaza mbele ya watu: mkono wa bwana harusi nitaushika mwenyewe, maneno nitayatamka mwenyewe. Ustadh Ismail wa msikitini kwetu anasema Kiarabu changu kinachechemea. Kitafika tu, hata kwa mkongojo.

La pili. Brightson kapiga simu! Huyu ndiye msimamizi wa burudani kwenye hoteli moja ya ufukweni Kunduchi. Anataka nikapige Jumamosi ya tarehe 17, kesho yake tu baada ya ndoa. Peke yangu, gitaa kavu, wageni wakila chakula cha mchana. Wakinipenda, kazi ni yangu moja kwa moja. Kasema wapiga piki, wale wanaogusa waya kwa kiplastiki, anao wengi, wamejaa tele. Anamtaka yule mzee anayekwanyua kwa kucha.

Ni haki yake. Kucha zangu za kulia si kucha, ni pembe. Za kushoto nakata, za kulia naziacha zitokeze kidogo nje ya nyama, ndizo zinazogusa waya. Mjerumani mmoja alizigonga na kijiko, akasema kwao hakuna kitu kama hiki. Akataka anipandishe ndege. Nikakataa kwa sababu ya baridi.

Salma mke wangu anasema huyo Mjerumani kila mwaka anaongezeka urefu. Wivu.


Jumatano, 7 Agosti

Balaa.

Kikao cha harusi kilikuwa kwetu. Soda zimeletwa, kifungulio hakionekani. Huyu anatafuta kijiko, yule anataka kutumia meno. Nikasema, leteni hapa! Nilikuwaga nafungua kreti zima kwa kidole gumba, enzi zile bendi yetu ikipiga Lindi. Watu wanaacha kucheza wananitazama.

Ya kwanza ikafunguka. Makofi. Ya pili — sikusikia kizibo, nilisikia kucha. Ka!

Ya gumba imekatika mpaka kwenye nyama. Nikabadilisha kidole ili nisiaibike. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Ya shahada ikachanika ubavuni. Nikabadilisha tena. Ya kati ikaingia ufa. Hapo nikasema hizi soda za siku hizi vizibo vyake ni vya kichina, nikawaachia vijana.

Nikakaa nacheka. Iliniuma mpaka masikioni.

Watu walipoondoka Salma akavuta droo ya kabati, akatoa kifungulio, akakiweka mezani mbele yangu. Akaenda kuosha vyombo.

Nimejaribu gitaa kwa nyama ya vidole. Bub, bub, bub. Kama mtu anakohoa ndani ya blanketi.


Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Wakulima wanasherehekea mazao, mie naotesha kucha.

Kitunguu saumu nimepaka. Limao nimepaka. Mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Fundi viatu kasema nichovye kwenye maji ya chumvi. Mke wa fundi viatu kasema chumvi ndiyo inayoua kucha. Nimefanya yote, kwa zamu. Salma anasema nanuka pilau inayotaka kuungua.

Mchana nikapata wazo. Wazo la kihandisi kabisa. Nikakata kipande cha dumu la mafuta ya kula, lile la njano, nikakipa umbo la kucha, nikapiga msasa, nikakigandisha kwa supa gluu. Kilikaa! Nikashika gitaa, nikaanza kupasha. Wimbo ulipokolea — tii! — kikaruka.

Kikatua kwenye sufuria la maharage.

Salma alizima jiko. Akachota maharage kijiko kwa kijiko mpaka akakiona. Akakiinua juu kwenye mwanga. "Baba Tausi, hii ndiyo ile aliyoigonga Mjerumani?"

Kuna watu hawawezi kuelewa ubunifu.


Jumamosi, 10 Agosti

Leo nimesikia vichupa.

Ni yule mpaka rangi za kucha. Anapita mtaani na kikapu chake, anagonganisha vichupa, kling kling kling, wanawake wanatoka. Anaitwa Audax, Mhaya, ndevu kama mwalimu mkuu. Anashika miguu ya wake za watu barazani na waume wanamsalimia vizuri tu. Mie nilikuwaga nasema, na nimesema kwa sauti, kazi gani hiyo ya mwanaume mzima.

Nikamngoja amalize na mama Rehema, jirani yetu. Nikasogea kama mtu anayetafuta kuku.

"Audax. Hizi kucha za kubandika, zinaweza kuhimili waya?"

"Waya gani, mzee? Wa umeme?"

"Wa gitaa, we!"

Akauchukua mkono wangu, akaugeuza hivi, akaugeuza vile, kama daktari wa ng'ombe. "Duh. Mzee, umezitafuna?"

Mama Rehema ndiyo kwanza akakaa vizuri. "Shemeji, na hina akupake? Maana tusije tukakosea Ijumaa, tukambeba wewe tukamwacha Somoe!"

Walicheka mpaka kuku wakahama. Mtu mkubwa hajibizani.

Kazi yenyewe si mchezo. Kwanza msasa. Halafu unga, na maji yenye harufu kama gereji ya kupaka rangi magari. Anachanganya kwa kibrashi, anajenga kucha juu ya kucha, anaipiga umbo. Halafu unaingiza vidole chini ya taa ndogo ya kuchaji, mwanga wa zambarau. Nimekaa kwenye kigoda, mkono wangu uko kwenye paja la mwanaume mwingine. "Mzee tulia, unatetemeka." Mie nitetemeke!

Akauliza rangi gani. Nikamfokea. Akasema basi ile isiyo na rangi, ya kung'aa tu, inalinda. Haya, kama inalinda.

Nikaingia ndani nikashika gitaa.

Jamani! Hata zile pembe zangu hazikuwaga hivi. Sauti inatoka kavu, inang'aa, kila waya unasema jina lake. Mwenye genge ng'ambo ya barabara aliacha kupanga nyanya akasimama. Hata Salma alitoka jikoni na mwiko wake, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Halafu akarudi. Hakunitania!

Kunduchi wakae tayari. Watakoma.


Jumatatu, 12 Agosti

Sasa hapa ndipo sielewi.

Alasiri, msikitini, kwenye mabomba. Natawadha. Pembeni yangu akaja Ustadh Ismail. Ni kijana, ningeweza kumzaa, lakini elimu anayo. "Shikamoo mzee Marijani." Marahaba. Akaendelea kuosha uso, halafu macho yakamgandia kwenye mkono wangu.

"Mzee, hizo..."

"Matibabu."

"Maji yanapita?"

Maji yanapita wapi? Akanieleza taratibu, bila kunidhalilisha, watu wasisikie. Udhu lazima maji yaguse kucha yenyewe. Kikiwepo kitu kigumu kimeifunika, udhu haujatimia, na bila udhu hakuna swala.

Mie si mtu wa kushindwa hoja. Niliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la wakati ule ni digrii ya sasa. Nikamwambia, aliyevunjika mguu akafungwa hogo, si anapangusa maji juu ya hogo na swala inapita? Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi hii ni hogo ya kucha.

Akafikiri kweli! Nikajua nimembana.

"Ukiitoa utadhurika?"

"Nitakosa kazi."

"Kidole, mzee. Kidole kitadhurika?"

Nikasema kitadhurika sauti. Akainama, nadhani alikuwa anacheka, lakini kwa adabu. Akasema atamuuliza sheikh wake.

Nikauliza, na Ijumaa je, ndoa itaswihi? Kasema ndoa yenyewe haidai udhu kama swala. Lakini itafungwa baada ya swala ya Ijumaa, na mie nitakuwa safu ya mbele. Halafu mkono huu ndio utakaoshikana na wa bwana harusi, gumba kwa gumba, na kamera juu yake.

Kwa hiyo inafaa. Au haifai. Inafaa kwa ndoa haifai kwa swala, na ndoa inakuja baada ya swala. Kichwa kinazunguka kama pangaboi.

Niliswali. Nilisimama safu ya nyuma kabisa. Sijui kama imeandikwa.


Jumanne, 13 Agosti

Nimepata ufumbuzi! Kama bandeji inaruhusiwa, basi nifunge bandeji. Mkono mzima, mpaka kwenye kifundo. Ndani yake kucha zangu zimelala salama mpaka Jumamosi. Wengine wanasoma vyuo vikuu hawapati akili hii.

Watu wakauliza. Nikaanza na kusema nimeteleza. Lakini mtu kuteleza, ni stori hiyo? Nikasema bajaji imekatika breki pale mteremkoni, inakwenda kwa watoto wa shule, mie nikaizuia kwa kiganja.

Hadi magharibi bajaji ilikuwa imegeuka Noah.


Jumatano, 14 Agosti

Habari ilifika hadi Kiwalani, kwa wakwe zetu. Wamekuja kunipa pole! Baba wa bwana harusi mwenyewe, wake zake wawili, na machungwa kapu zima. Wakakaa. Yule mzee akaniombea dua ndefu, akasema watu wenye moyo kama wangu wamebaki wachache. Nikaitikia amina. Sikuwa na pa kutazama.

Halafu akasema, "Sasa mkwe wangu, kwa hali hii usijitese. Ijumaa mpe sheikh uwakala. Sie tumeridhia kabisa."

Hapo nikaona mtego, na mtego nimeutega mwenyewe. Nikasema tutaona, Mungu ni mwema.

Somoe alikuwa chumbani, wanamsinga. Alisikia yote. Wageni walipoondoka akaja, bado ana liwa usoni, akakaa chini kwenye mkeka mbele yangu.

"Baba mdogo, fungua."

"Daktari kakataza."

"Daktari gani?"

"Wa... wa pale."

"Na bajaji ilikuwa ya nani?"

"Ilikimbia."

"Si umesema umeizuia?"

Akaanza kufungua mwenyewe. Taratibu, anaizungusha bandeji, anaikunja. Nilingoja acheke. Ningemshukuru angecheka. Akazitazama tu, zile kucha zinang'aa.

Akasema baba yake hayupo. Akasema anamheshimu Ustadh, lakini Ustadh si damu yake, na hataki kuolewa kwa mkono wa kuazima. "Mkono uliobaki kwetu ni huu wako, baba mdogo. Mwingine hakuna." Akaigusa moja kwa ncha ya kidole. "Lakini si na hizi. Wakwe watazitazama hizi, hawatanitazama mimi. Video watairudisha nyuma kila Iddi."

Halafu akaikunja bandeji vizuri, ikawa kama mpya, akaiweka kwenye goti langu. Akarudi ndani.

Nikachukua plaizi. Nilisema nitatoa zote. Nikabana ya gumba nikavuta — ikatoka, na ngozi ya kucha yangu mwenyewe ikaondoka nayo. Iliyobaki ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Naona wekundu ndani. Upepo ukipita unauma. Maji yakigusa nataka kuimba.

Nimeishia hiyo moja. Gumba nitapigia nyama, besi haina neno. Hizi nyingine siwezi. Ziko kwenye nyuzi za juu, na nyimbo zangu zote zimekaa huko.


Alhamisi, 15 Agosti

Nimempigia Brightson. Nikamwambia nina safari ya Ujerumani, tusogeze wiki moja. Kasema, "Mzee wangu, Jumamosi au basi. Mabosi wenyewe ndio watakuwepo." Nikauliza nikija na piki je? Akacheka. Kasema piki ni za vijana wake.

Nikamuuliza Salma, kitu ambacho sifanyagi. Kasema Somoe ataolewa siku moja, sie tunakula kila siku. Na kweli, tangu bendi yetu ya Tegeta ivunjike sijashika kazi ya kudumu. Anayetulisha ni yeye na vitumbua vyake. Nikasema basi, zinabaki. Akasonga mbele hatua mbili, akageuka. "Lakini mtoto wa shemeji yangu yule. Baba yake alikufa ameushika mkono wako." Nikasema basi, zinatoka. Akasema, "Sijui, baba Tausi. Usiniulize."

Hata Salma hajui! Mwanamke huyu anajuaga kila kitu.

Nikatoka nikafuata sauti ya vichupa hadi barabara ya lami. Kling kling, nakimbia na gumba langu hewani. Kumbe si Audax, ni mwingine, anauza na soksi. Nikampigia simu Audax. Kasema atapita kesho asubuhi na asetoni, zitatoka bila kuumiza. Nilipomwambia habari ya plaizi alipiga kelele. "Mzee! Si nilikwambia usizing'oe!" Hakuniambia. Au aliniambia wakati mama Rehema anacheka.

Nikamuuliza, ukizitoa Ijumaa, Jumamosi alfajiri unanibandika tena? Nilidhani nimewashinda wote, yeye na Ustadh na Brightson. Kasema haiwezekani. Zikishavuliwa zinakuwa laini kama za kichanga. Ukipaka unga tena zitawaka moto, zitaoza. Nizipumzishe mpaka zijiotee. Labda mwezi wa kumi na moja.

Jioni Ustadh katuma ujumbe. Sheikh wake kasema: kama kuna madhara kuziondoa, nipanguse juu yake. Kama hakuna, niziondoe. "Na madhara unayajua wewe mwenyewe, mzee."

Mie ndiye siyajui! Ningeyajua ningeuliza?


Ijumaa, 16 Agosti, asubuhi

Nyumba imejaa. Wanawake wanapiga vigelegele kuanzia alfajiri. Kanzu yangu imepigwa pasi, inaning'inia mlangoni. Somoe yuko ndani, sijamwona, nasikia tu wakimwambia asicheke, wanja utaharibika.

Audax alikuja. Shikamoo, marahaba. Tukakaa uani nyuma ya choo, palipo na faragha. Hakuniuliza nimeamua nini, akanyoosha mkono, na mie nikampa. Sijui ni lini niliamua. Nadhani sikuamua. Mkono ulikwenda.

Pamba yenye asetoni, halafu anafunga kila kidole na ile karatasi ya rangi ya fedha ya kuchomea samaki. Nimekaa na vidole kama mishikaki. Harufu inapanda kichwani. Akaanza kufungua. Ya shahada ikatoka kama ute. Chini yake kucha yangu, nyeupe, ina mikwaruzo, inapinda ukiigusa. Ya kati, ile yenye ufa, imekatika papo hapo. Ya pete pia laini. Nikazigusisha pamoja — hazina sauti. Vidole vya mtoto.

Kesho nitakwenda Kunduchi vilevile. Nitapiga kwa nyama. Nitawaambia ni mtindo mpya, kutoka Ujerumani. Wanaweza kukubali. Brightson hatakubali. Lakini mabosi wanaweza. Sijui.

Asetoni iliisha, Audax kaenda dukani kuchukua nyingine. Kimebaki kidole kimoja, kile kidogo. Gari ya kwenda msikitini imeshapiga honi mara mbili, Salma anaita jina langu lote.

Kabla hajaondoka Audax alikishika kile kidogo, akakiangalia. "Mzee, hivi hiki nacho kinagusa waya gani?"

Nikajifanya nasikiliza honi.

Hakigusi waya wowote. Kinakaa pembeni, wenzake wanafanya kazi. Jumamosi ile Audax alitaka kuishia kwenye vinne. Mie ndiye niliyemwambia, kwa sauti ndogo mama Rehema asisikie, aweke na hiki.

Namwona anarudi na kichupa. Nimekunja ngumi, kile kidogo nimekificha ndani.

Nilikiona kizuri, basi.